Daftari la Majembe

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi,
naketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, daftari magotini.
Majembe kumi na saba. Mapanga manne. Reki mbili,
moja imeng'oka meno matatu.
Buti za mpira jozi sita, na watu ni ishirini na watatu.
Wengine watajaribu kuingia pekupeku,
na Sajini Wopata, mstaafu, atawakaripia
kwa Kiswahili kile cha kambini kilichonilea na mimi:
"Chupa haina huruma, kijana! Ngoja zamu yako!"

Kijito Namakhoma si cha makuu.
Huko mlimani kinatoka kikiwa maji.
Kikifika nyuma ya soko letu, hapa Mbale,
kimeshakuwa kitu kingine.
Tumekitoa mengi kooni: mifuko ya kavera, nyavu za vitunguu,
godoro lililokunywa hadi likawa zito kama ng'ombe,
vichwa vitatu vya wanasesere, mwili hata mmoja hakuna,
na gunia lenye chapa ya duka langu mwenyewe.
Hilo nalo niliandika. Kalamu ilisita, kisha:
gunia, moja, mwenyewe anajulikana.

Khainza anang'oa mikaratusi michanga,
anaitukana mmoja mmoja: "Mnakunywa
kama wageni wa matanga!"
Mwalimu Nabukwasi amefunga miche ya mianzi mgongoni
kwa kitenge, kama mwana.
Anasema siku moja tutakula malewa ya hapa hapa.
Watu wa mlimani wakacheka:
malewa ya bondeni? Yatanuka sabuni.

Sabuni ni ya Gidudu.
Pale kijito kinapojipinda anaosha bodaboda,
tangu alfajiri, kitambaa begani,
na mafuta yanashuka yakiwa na rangi nzuri,
lazima nikiri, rangi nzuri sana.
Tulimfuata. Akatusikiliza hadi mwisho.
"Mkishasafisha," akasema, "watoto wangu
watakula usafi?"
Sajini akakohoa. Sisi wengine tukatazama buti zetu.

Mwezi wa tano, jembe namba kumi na moja
halikurudi. Mpini wa mvule, waya mwekundu shingoni.
Macho yote yakageukia kwenye kona.
Sajini alitaka watu sita, waende sasa hivi.
Nikasema, subirini nihesabu tena.
Nikahesabu mara tatu.
Hesabu haikunihurumia.

Kisha mvua. Mashina sitini ya mafunjo
tuliyoyapanda magoti yakiwa matopeni,
asubuhi yake yalibaki kumi na tisa.
Khainza alikaa ukingoni, hakutukana chochote.
Tukapanda tena. Nikaandika tena.

Jumapili moja, siku isiyo ya kazi,
nilikatiza nyuma ya kibanda cha Gidudu
nikimtafuta mbuzi wangu.
Nikaona shimo, mbali na maji,
lenye kina cha kiuno, limepangwa mawe,
juu ya mawe changarawe, juu ya changarawe mkaa.
Povu lilikuwa likiingia polepole,
likiacha weusi wake juu.
Na ukutani, jembe limeegemea,
waya mwekundu, mpini umeshika giza la oili.

Gidudu aliniona. Nikamwona ameniona.
Hakusema samahani, nami sikumwomba.
"Bado shimo la pili," akasema,
akaendelea kukamua kitambaa.

Daftari langu lina safu mbili tu:
limetoka, limerudi.
Jumamosi iliyofuata nilisoma kwa sauti, kama kawaida,
majembe kumi na sita.
"Na la kumi na moja?" akauliza Sajini,
kalamu yake mwenyewe tayari mkononi,
tayari kuandika limeibwa.

Nikafunga daftari.
Nikamwambia, liko kazini.